Korongo Wawili na Neno "Funga"

Ninyi mnaosomea stima pale chuoni Sigalagala, na ninyi mliomaliza mnazunguka Kakamega mjini na bisibisi mfukoni mkitafuta nyumba ya kuweka nyaya, hebu kaeni kidogo. Nimestaafu, goti langu moja limekataa kazi, na mke wangu amechoka kusikia hadithi zangu. Zamu ni yenu.

Kwanza mnijue. Nilikuwa fundi wa laini, wale watu wanaopanda nguzo za barabarani, na nimeifanya kazi hiyo zaidi ya nusu ya maisha yangu bila kupenda hata siku moja kutoka nyumbani. Wenzangu waliomba kupelekwa Lodwar na Lamu wakaone dunia. Mimi niliomba nguzo ambazo nikiwa juu yake naona moshi wa jikoni kwangu. Niliingia kazini kwa sababu fomu foo ilinipa alama za kutosha kuajiriwa na zisizotosha kuchagua. Nguzo ya kwanza nilifika nusu, nikaikumbatia kama mtoto anayeachwa kwa shangazi. Mzee Andayi, aliyenifundisha kazi, hakunikemea. Alikaa kwenye nyasi akamenya ndizi, akasema nikimaliza kuagana na huo mti nipande, yeye ana ndizi za kutosha.

Nawaambia haya mjue kwamba anayewaeleza habari za hatari si shujaa. Ni mwoga, na vidole vyake vyote bado anavyo, mkitaka mje mhesabu.

Nataka kuwaeleza siku moja tu, kule upande wa Malava, nilipopanda nguzo kwa ajili ya korongo wawili na nusura nisishuke.

Korongo taji mnamjua? Yule mrefu, kichwani kama amechomeka ufagio wa dhahabu. Najua mmemwona kwenye bendera ya Uganda, na wengine wenu mnadhani huko ndiko anakoishi. Sisi tulipokuwa watoto tulimfukuza shambani kwa kupiga debe. Walishuka wengi kwenye mahindi yaliyovunwa, wakacheza, wakarushiana vijiti, na hakuna mtu aliyetoka nyumbani kwenda kuwatazama, kama vile wewe hutoki kwenda kutazama kuku.

Hakuna baraza lililoitwa kuamua wamalizwe. Bonde lilichimbwa mifereji likapandwa sukuma na nduma. Kandokando tukaweka mikaratusi, ikanywa maji yaliyobaki. Watoto wakaokota mayai. Vifaranga wakauzwa kwa watu wenye nyua kubwa, wakakatwa bawa, wakawekwa kwenye nyasi karibu na gari ili mgeni aseme mahali hapa ni pazuri. Wengine walikula mbegu zilizopakwa dawa. Halafu sisi watu wa stima tukaja na waya. Hiyo ya mwisho ni yetu, msiangalie pembeni.

Nawaeleza kuhusu waya, maana kwenye mtihani hamtaulizwa. Ndege mdogo akikaa kwenye waya mmoja hapatwi na neno, kwa sababu stima haina mahali pa kupitia kwake kwenda kwingine. Korongo si ndege mdogo. Akikunjua mabawa kwenye nguzo ya transfoma anagusa waya huu na ule kwa wakati mmoja, na hapo amekwisha. Na akiwa anaruka ni mzito, hawezi kukata kona kama mbayuwayu. Asubuhi ya ukungu waya hauonekani mpaka uko shingoni.

Laini yetu ya Malava ilikatiza kati ya bonde lenye maji na mashamba ya mahindi, yaani kati ya kitanda cha korongo na sahani yake. Kwenye bonde hilo kulikuwa na mama mmoja anaitwa Mama Nekesa. Majirani walichimba sehemu zao zote, yeye akaacha kipande cha mafunjo bila kukigusa, na watu wakamcheka kwamba analima vyura. Siku moja alikuja ofisini kwetu na gunia. Akaingia moja kwa moja kwa injinia, akatoa korongo aliyekufa, akamlaza mezani juu ya karatasi zote.

"Hii ni yenu," akasema. "Imekufia kwa waya yenu. Nimewarudishia."

Injinia akamwambia kwa heshima kwamba mambo ya ndege yana ofisi yake. Mama akasema huko ameshaenda na wamemtuma hapa. Kisha akasema kwake wamebaki wawili, wameanza kutengeneza kiota, na watoto wakitoka mayaini hao wazazi watavuka hiyo waya kutwa nzima kutafuta chakula. Wakifa hao hakuna wengine watakaokuja, maana hakuna wengine. Alipoondoka aliacha gunia.

Injinia hakuwa mtu mbaya. Tulikuwa tumepanga kuzima laini hiyo tubadilishe vikombe vya kauri vinavyoshika waya, maana kadhaa vilikuwa vimepasuka. Akasema nikiwa huko juu naweza kuning'iniza vibao kwenye waya, ndege wauone. Kazi ya kutengeneza vibao niliichukua mimi kwa furaha kuu, kwa sababu ilifanyikia kwangu barazani. Nilikata mitungi ya mafuta ya kupikia ya manjano, nikabandika ile karatasi inayong'aa ya nyuma ya malori, nikatia ndoano ili kila kibao kizunguke na upepo. Mke wangu akaniuliza kama nimeanza kuuza michezo ya watoto. Jirani akaulizia bei.

Sasa kuna neno moja lazima niwafafanulie, na hapa muweke simu chini.

Nyumbani kwenu mama akisema "funga stima," anataka giza. Akisema "fungua," anataka mwanga. Ndivyo tulivyosema kazini pia, tangu enzi za Mzee Andayi: laini ikifungwa haina moto, panda. Lakini kitabu kinasema kinyume. Swichi iliyofungwa ni ile ambayo vyuma vyake vimekutana, stima inapita. Iliyofunguliwa ni ile iliyoachana, haipiti kitu. Injinia alitaka tuseme kama kitabu, akawa anatupeleka kozi Nairobi kwa makundi. Rajabu, mwenzangu kutoka Mumias, alikuwa amerudi kutoka kozini wiki ileile. Kundi langu lilikuwa mwezi uliofuata, na mimi nilikuwa naomba usiku na mchana safari ivunjike, kwa sababu Nairobi hakuna mtu anayejua ninavyopenda obusuma yangu, ule ugali wa kwetu.

Rajabu alikuwa mtu makini kuliko sisi wote. Alikuwa akisalimia watu wote, amani iwe juu yako, hata transfoma nafikiri aliisalimia. Kama kungekuwa na mtu wa kukosea, hakuna ambaye angemtaja yeye.

Asubuhi ya kazi yenyewe tulikuta ukungu bonde zima. Tulikubaliana hivi: Rajabu akae kwenye swichi, kule njia panda ya kinu cha posho, mahali ambapo haonekani kutoka bondeni. Akate moto. Kama ukungu utakataa kuondoka, turudishe moto kwanza watu wasage mahindi yao, tungoje jua. Tito, dereva wetu, abaki chini ya nguzo na kamba ya kunipandishia vifaa. Mama Nekesa alikuwepo tayari, amesimama kando ya nduma zake na jembe ambalo sikuona likigusa udongo. Mayai yapo, akaniambia. Mmoja ameyalalia, mwingine ameenda kula.

Nikapanda. Ukungu ulikuwa bado lakini waya niliuona vizuri, na nikaona kazi inafanyika. Nilipofika juu nikajifunga mshipi, nikachukua fimbo ndefu yenye kipimo, nikagusa waya wa kwanza. Kimya. Wa pili kimya. Wa tatu kimya. Hakuna moto. Fundi wa kawaida angeendelea na kazi. Mwoga akaona aulize tena.

Nikavua glavu ya mkono wa kulia, maana simu hizi za kisasa hazijui glavu, nikampigia Rajabu.

"Rajabu, umefunga?"

"Bado. Nifunge?"

Mimi nikafikiri anazungumzia kufuli. Ukishakata moto unatia kufuli kwenye mkono wa swichi, mpita njia asije akacheza nayo. Nikaona huyu ndugu amesahau kufuli, afadhali niliuliza.

"Funga, ndugu yangu. Usikawie."

"Haya." Nikasikia chuma. "Nimefunga."

Nikamshukuru. Naomba mlifikirie hilo kwa makini. Nilimshukuru.

Nyaya za ardhi zilikuwa bado chini. Hizo ni zile nene unazounganisha na waya zote halafu na udongo, ili mtu akirudisha moto kwa bahati mbaya, moto uende ardhini usije kwako. Tito alizifunga kwenye kamba, kamba ikanasa kwenye kichaka cha miiba, akawa anaitukana polepole ili Mama asisikie. Mimi juu nimeegemea mshipi, glavu bado iko kwapani, nasubiri. Kikombe kimoja kilichopasuka kilikuwa hapo mbele yangu. Nikanyoosha mkono nikiguse nyufa zake nijue kama kitavunjikia mikononi.

Ndipo yule aliyekwenda kula akarudi.

Alitoka kwenye ukungu upande wa mahindi, akanipita karibu kabisa, nikaona ile nyama nyekundu ya kidevuni. Nguzo iliyofuata ilikuwa ya transfoma, na Mama aliniambia baadaye kwamba anatua hapo kila asubuhi, anaangalia kama kuna mbwa bondeni kabla hajashuka kwa mwenzake. Akanyoosha miguu. Akakunjua mabawa asimame.

Ulikuwa mlio kama bati limeanguka kutoka kwenye lori kwenye lami. Mwanga wa buluu, kisha moshi mdogo, kisha akaanguka akiwa amenyooka kama nguo iliyotoka kwenye kamba.

Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Kati ya kidole na kile kikombe pangepita kitabu, si kinene.

Niliurudisha mkono kifuani polepole kama ni wa mtu mwingine nimeazimwa. Akili ilikuja baadaye kidogo. Laini ilikuwa na moto. Kipimo hakikudanganya; ilikuwa imekufa nilipopima, na imefufuka baada ya mimi kuuliza. Na sikujua kama mlio ule umekata moto au umekata fyuzi ya transfoma tu, na hapa nilipo bado unapita. Kushuka nako, mguu ungeteleza kidogo tu, kichwa kingegusa. Nikamwambia Tito aachilie kamba, asiiguse tena. Akauliza, "Mzee, uko sawa?" 

Nikatoa simu kwa vidole viwili. Nilijua neno moja likitoka vibaya kinywani hakuna ndege mwingine wa kunionya. Neno la kufunga sikulitaka, la kufungua sikulitaka.

"Rajabu, usiguse kitu. Nisikilize. Hiyo laini iko hai ama imekufa?"

"Iko hai," akasema. "Si mmeahirisha kwa ajili ya ukungu?" Halafu nikasikia pumzi yake ikibadilika. "Wewe uko wapi?"

"Niko juu."



"Si umesema nifunge," akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto.

"Iue, Rajabu. Iue kabisa, tia kufuli, halafu utoe mikono yako hapo."

Nikasikia chuma. Nikasikia kufuli. "Imekufa," akasema. "Wallahi imekufa." Nikavaa glavu, nikapima tena waya zote. Tito akakata miiba kwa panga, nyaya za ardhi zikapanda, nikaziunganisha. 

Mama Nekesa alikuja mpaka chini ya nguzo amembeba korongo mikononi. Mabawa yalikuwa yanaburuta kwenye nyasi. Tito akaniambia nishuke twende, leo imetosha. Sijawahi kutaka kwenda nyumbani kama siku hiyo, na mnajua sasa mimi ni mtu gani. Mama hakuniambia nibaki. Alitazama mafunjo, akasema tu, "Yule mwingine hajainuka kwa mayai. Njaa itamwinua jioni."

Maana yake niliielewa. Tukienda, moto unarudi kwa ajili ya vinu na maduka, na aliyebaki atavuka waya peke yake kutwa, mara mbili ya zamani, kwa sababu sasa hana wa kupokezana naye. Na ili laini izimwe tena tungengoja wiki, pengine mwezi.

Nikamwambia Tito atume vibao.

Vibao viwili vya kwanza viliniponyoka. Cha tatu kilishika. Tulifanya nguzo hiyo, tukafanya ya pili na ya tatu, nikabadilisha vikombe vilivyopasuka, na kwenye transfoma tukavisha nyaya mpira wa hosi uliopasuliwa ubavuni, mahali popote ambapo bawa linaweza kufika.  Rajabu hakuondoka kwenye swichi hata kunywa maji, alisimama ameshika kufuli kwa mkono wake mpaka nilipompigia kwamba watu wote wako chini.

Moto uliporudi alikuja kwa miguu. Akamwangalia korongo, akasema innalillahi, akakaa kwenye matope na suruali yake safi ya kozi. Nikamwambia hajakosea, alisema neno la kitabu nami nikasema la nyumbani. Akauliza kosa lingekuwa la lugha gani kama ningekuwa mimi niliyelala hapo kwenye nyasi.  Tukakaa.

Jioni tulikuwa bado hapo. Nilimpigia mke wangu kwamba nitachelewa, akauliza nani ameiba simu ya mume wake. Yule korongo wa pili akainuka kwenye mafunjo, akatembea kidogo kwenye maji, akaruka. Alikuja chinichini, kwa urefu uleule aliozoea, moja kwa moja kwa waya. Tito akashika kofia yake. Upepo ukazungusha vibao. Korongo akainua kifua, mabawa yakapiga kwa nguvu, miguu ikapita juu ya waya kwa nafasi ambayo mimi ningeitaka iwe kubwa zaidi.

Tangu hapo katika kundi letu hakuna aliyefunga wala kufungua. Laini iko hai, ama imekufa. Injinia alisema maneno hayo hayamo kitabuni, akasikia kisa chote, akasema tuyatumie. Nanyi nawapa bure, pamoja na hili: usipime kisha ukaongea kisha ukashika. Ukiongea na mtu wa swichi, hata kumsalimia tu, pima upya, uweke ardhi kwanza, ndipo uguse. Hilo la kukwepa neno "funga" Rajabu alilichukua mpaka kwake Mumias. Ukitoka sebuleni kwake hakwambii ufunge mlango. Anasema urudishe.

Mayai yalitoa vifaranga wawili. Mmoja alichukuliwa na mbwa mzazi akiwa mbali mahindini. Baada ya hapo Mama Nekesa alipalilia kila siku, akilinda mbwa, mstari mmoja wa nduma ulio karibu na mafunjo mpaka ukabaki mwekundu kama barabara. Alikuja mtu na bodaboda kutoka mjini, akasema ana hoteli, anataka kifaranga cha kupamba uwanja. Mama akamuuliza kama hoteli yake ina kinamasi. Akasema haina. Mama akamwonyesha barabara.

Aliniita kwa simu mwenyewe: mtoto anajaribu mabawa, uje. Nikatoka nyumbani siku ya mapumziko, kwa hiari yangu, mke wangu akanigusa paji la uso. Tulikaa nje kwa Mama, tumewekewa chai, hakuna aliyeinywa. Mzazi akatangulia, akapita juu ya vibao bila shida. Mtoto akafuata, chini kuliko mzazi, mabawa hayajui bado kazi yao, akaelekea waya uleule. Mama akaweka mkono mdomoni. Nikajikuta nimesimama, kama kwamba ningeweza kupanda nguzo kwa wakati.

Aliinuka mwishoni kabisa. Ncha ya bawa iligonga kibao kimoja, akayumba, akajishika, akaendelea mpaka mahindini kwa mzazi wake.

Kibao kikabaki kinazunguka. Tulikitazama mpaka kikatulia. Kisha Mama Nekesa akaniambia chai yangu imepoa, na ilikuwa imepoa kweli.